Ndege Ambayo Yaya Aliipima kwa Kamba

Sanduku lilipofunguliwa, harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Mjane wa kaka yangu aliniletea siku chache baada ya matanga, akaliweka sakafuni, akasema tu, "Alisema hii iko yako," kisha akaenda kukaa na wanawake wengine uani. Ndani mlikuwa na vitu viwili. Kimoja ni diski ya kompyuta iliyofungwa kwa kipande cha kitenge. Cha pili ni kamba ya katani, ile ya kufunga miguu ya nyuma ya ng'ombe wakati wa kukamua, yenye mafundo mengi. Kamba ilinuka ng'ombe, na chini ya harufu ya ng'ombe ilinuka mafuta ya ndege. Simjui mtu mwingine ambaye vitu vyake vingenuka hivyo.

Kaka yangu aliitwa Faustin, lakini mimi nilimwita Yaya, kama tunavyowaita kwetu ndugu waliotutangulia kuzaliwa. Amekufa kwa ugonjwa wa figo, mjini Goma, kitandani, akiwa mtu mzima. Nasema hivyo mapema ili msomaji asikae akingoja risasi katika habari hii. Vita havikumuua Yaya. Ila bila vita asingetengeneza ndege.

Kwetu ni Masisi, kwenye vilima vya Muheto, ambako majani ni mafupi kama nywele zilizonyolewa jana na ukungu hukaa bondeni hadi jua lipate nguvu. Tulikuwa wafugaji. Papa, baba yetu, alikuwa amekwisha kufa vita vilipofika kilima chetu. Mama alitufunga mizigo, akatushusha kwa miguu kupitia msitu hadi Walikale. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo. Koko, mama yake Papa, alikataa kuondoka. Alikuwa amebaki na ng'ombe mmoja, Bihogo, mwenye mimba. "Nani atalala naye?" aliuliza, kama vile tungepata jibu angekuja. Tukamwacha mlangoni. Tulipokuwa mbali sana ndipo Yaya alipogundua kwamba kamba ya kumkamulia Bihogo ilikuwa bado begani mwake.

Walikale ilikuwa na joto na miti mirefu, na mbingu yake ilikuwa ndogo. Kwa mtoto wa vilimani hilo lilikuwa gumu kuliko njaa. Nilizoea kuona mbali, na sasa kila nilipotazama niliona ukuta wa majani. Mahali pamoja tu palikuwa wazi: kipande cha barabara ya lami kilichonyooka katikati ya msitu. Hapo ndege zilikuwa zikitua. Haukuwa uwanja wa ndege. Ilikuwa barabara, na watu walipita na vikapu vyao, na baiskeli, na mbuzi. Filimbi ikilia, vijana walivuta mianzi kufunga njia huku na huku, akina mama wakashuka mtaroni bila kukatisha mazungumzo, na mbuzi wakafukuzwa. Ndege ikashuka na kelele yake, ikashusha sabuni na bia, ikapakia mifuko ya mawe ya madini, ikaondoka. Akina mama wakapanda tena kutoka mtaroni na kumalizia neno walilokuwa wamelianza.

Iliyokuja mara nyingi ni ndege ndogo yenye propela mbili na mabawa juu ya mgongo. Rubani wake alikuwa mzungu mnene kutoka nchi ya theluji, ambaye sote tulimwita Kapiteni. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache aliyojifunza akiwa angani. "Mbuzi! Toka, mbuzi!" alikuwa akisema hata akiwa chini, kwa salamu, na watoto walimjibu kwa mlio wa mbuzi.

Kando ya lami hiyo palikuwa na duka la Papa Kambale, Mnande wa Butembo, mtu wa kanisa na wa maneno mengi. Kwenye kona ya duka alikuwa na kompyuta na mashine ya kutolea karatasi, kwa ajili ya watu waliohitaji barua, na nje jenereta iliyokohoa. Yaya alikuwa ameachia shule katikati ya sekondari. Papa Kambale akamweka pale kupiga barua za watu. Kapiteni, akisubiri mifuko ipakiwe, alizoea kuingia kununua biskuti na kumtazama Yaya akifanya kazi. Siku moja alimletea sahani za kompyuta, zile CD, akaziweka mezani, akaonyesha juu kwa kidole.

Ndani ya sahani hizo mlikuwa na programu ya kurusha ndege. Wateja waliita mchezo. Yaya hakupenda neno hilo. Mlikuwa na dunia nzima ndani yake, na viwanja, na mawingu, na ndege kubwa za nchi za mbali. Ila ndege yetu, ile ya mabawa mgongoni, haikuwemo. Na kulikuwa na programu nyingine ambayo kwayo mtu aliweza kujenga ndege yake, kipande kwa kipande, kisha akaandika uzito wake, nguvu ya injini zake, mahali magurudumu yanapogusa ardhi, hadi ile programu ya kurusha iipokee miongoni mwa ndege zake. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Yaya aliyasoma na kamusi magotini, kama mtu anayechambua mchele.

Akaanza kuipima. Hakuwa na futi ya kutosha, basi alichukua kamba ya Bihogo, akaifunga fundo kila urefu wa mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na kila ndege ilipotua alikuwa chini yake. Harufu ya mafuta iliingia ndani ya kamba siku hizo.

Askari mmoja alimwona. "Weye! Uko napima nini pale?"

"Bawa, chefu."

"Juu ya nini? Uko mupelelezi?"

Yaya alisimama na kamba mkononi. Hakujua kusema uongo, na ukweli ulikuwa mgumu kuelezwa chini ya bunduki. Papa Kambale ndiye aliyetoka dukani na mikono hewani. "Chefu, umuache! Huyu ni fundi wa kushona. Iko napimia ndeke kaputula."

Wapakiaji walicheka hadi mfuko ukaanguka. Askari naye alijaribu kutocheka, akashindwa. "Basi umupimie na kofia," akasema, akaenda zake. Tangu hapo Yaya aliitwa Fundi wa Kaputula kotekote barabarani, na hakuna aliyemzuia tena.

Jumapili, baada ya misa, duka likiwa limefungwa, Papa Kambale alimruhusu kutumia mashine hadi mafuta ya jenereta yaishe. Mimi nilikaa kulia kwake, juu ya bidoni, dumu la njano lililopinduliwa. Ndege ya kwanza aliyoiweka barabarani, kwenye lami yetu aliyoichora mwenyewe ndani ya mashine, ilizama hadi kiunoni ndani ya lami, ikaruka juu kama chura, ikalala chali. Watoto waliokuwa dirishani walipiga kelele: "Ndeke ya Faustin imekufa mbele ya kuzaliwa!" Yaya alisogeza magurudumu, akajaribu tena. Jumapili nyingine ilisimama. Jumapili nyingine iliruka, ikapanda kama karatasi kwenye upepo, nasi tukapiga makofi. Yaya peke yake hakufurahi.

"Hii ni bongo," akasema, yaani uongo. "Ile ya kweli inapanda na taabu."

Akapunguza nguvu ya injini, akaongeza uzito wa mifuko ya mawe nyuma, hadi ndege ikawa inakimbia lami yote, ikiguna, na miti ya mwisho ikija kwetu, na sote tunanyanyuka kidogo kwenye viti kuisaidia. Ilipoyaruka majani ya juu kwa shida, ndipo alipotabasamu. "Sasa iko yeye."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Kilichokuwa kwenye ya kweli kiwe huku, na kisichokuwako kisiwe. Saa moja kwenye ubao wa rubani ilikuwa imesimama siku nyingi. Aliichora ikiwa imesimama. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa waya, aliuweka waya. Sauti ya injini aliinasa kwa simu aliyoitia ndani ya bidoni ili upepo usiiharibu. Siku Kapiteni alipokaa mbele ya mashine na kuirusha ndege yake mwenyewe, alipouona ule waya alicheka akapiga paja. Kisha akagusa kioo mahali fulani karibu na dira. Kwenye ndege ya kweli, mahali hapo alikuwa amebandika picha ndogo ya mama mzee mwenye kitambaa kichwani.

"Mama," akasema. "Mama hakuna?"

Yaya akainamisha kichwa. "Niliona. Sikuomba ruhusa."

Kapiteni alitoka, akapanda ndegeni, akarudi na picha mkononi. Jumapili iliyofuata mama yake alikuwa mahali pake karibu na dira.

Nayaeleza haya yote ili mnielewe mimi mtoto, nilivyofikiri. Maana kilichofuata kilitokana na hayo.

Ndege ilipokuwa tayari, Yaya alimwita Mama. Alitaka kumrusha nyumbani. Mama alikaa pembeni, mikono mapajani, akiogopa kugusa kitu. Ndege ikapanda, ikaiacha misitu, ikaelekea mashariki, na vilima vikaanza. Katika mashine vilima vilikuwa laini, kama blanketi lililotupwa kitandani, na Yaya hakujua kipi ni chetu. Alizunguka mara nyingi.

"Mama, tuko wapi?"

Mama hakutazama vilima. Alitazama mbali. "Kwa mulango yetu asubuhi, Nyiragongo iko mukono wa kuume. Nyamulagira, mukono wa kushoto. Na Mikeno inachungulia katikati, karibu na Nyiragongo, kama mutu mwenye kusimama nyuma ya mulango. Ukiiona vile, uko kwetu."

Yaya akaenda mbele, akarudi nyuma, kulia, kushoto kidogo, hadi milima ile mitatu ikasimama kama Mama alivyosema. Mama akanyanyuka. "Apa," akasema. "Apa, apa." Akaweka kiganja mdomoni. Yaya, akitaka nami nione, akainamisha ndege upande wangu. "Angalia chini, Kadogo. Apa njo kwetu."

Mama alitazama milima mitatu, akafurahi. Mimi nilitazama chini. Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na miti ya mikaratusi, wala ua, wala Bihogo, wala Koko. Kilima kizima, na vilima vyote vya jirani, vilikuwa majani matupu.

Nilikuwa nimemwona Yaya akiweka waya wa mlangoni. Nilikuwa nimemwona akiweka saa iliyosimama. Mtu ambaye hakusahau waya, angesahau nyumba ya Koko? Niliamini kwamba dirisha lile lilionyesha mambo yalivyo, na kwamba huko kwetu kila mtu amekwisha, na kwamba Mama, kwa kuwa alitazama mbali tu, hakuona. Nikaamua kwamba nisimwambie. Nilikuwa mdogo mno kubeba jambo hilo, nikalibeba.

Sijui lilikaa muda gani. Nakumbuka kwamba chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Nakumbuka Jumapili nyingine, na nyingine, Yaya akiinamisha ndege upande wangu kwa upendo, nami nikichungulia nikitumaini kwamba labda leo moshi utaonekana, na majani yakiwa yaleyale. Nilimlilia Koko msalani, kimya. Mama alinipeleka kwa muuguzi, nikapewa dawa ya minyoo.

Mama alikuwa na kitenge kipya alichomwekea Koko, kilichokunjwa chini ya mkeka. Siku moja alikitoa akianike, maana unyevu wa Walikale huozesha kila kitu. Nilimwona akikikung'uta, akikinyoosha kwa mikono yake, nikashindwa.

"Uivae tu weye, Mama. Koko hayiko tena."

Mama aligeuka polepole. "Nani amekuambia?"

"Nimeona kwa mashini ya Yaya. Bote bamekwisha."

Alinishika mkono, tukavuka barabara hadi dukani. Yaya alisikiliza habari yangu akiwa amesimama, barua ya mtu ikiwa nusu kwenye mashine. Nilidhani atacheka. Alichuchumaa mbele yangu. Akanieleza kwamba dunia ile ya mashine ilitengenezwa na watu wa mbali, ambao hawakuwahi kufika kwetu. Wakaweka milima, wakafunika na majani, wakaenda zao. "Beye habajui kama kule kunaishi batu. Njo maana hakuna nyumba."

"Basi weka nyumba," nikasema.

Akashusha kamba kutoka begani.

"Yaya, weka nyumba ya Koko. Na Bihogo."

"Siwezi, Kadogo."

"Umeweka waya."

"Waya niliuona." Alikuwa akisugua kamba kati ya vidole. "Nyumba sijui kama iko bado. Sijue. Siwezi kuweka kitu sijaona."

"Basi ni kweli hayiko."

Papa Kambale, nyuma ya meza yake, alijaribu kutusaidia. "Faustin, mutoto analia. Umuchoree ka-nyumba, hata ya bongo." Yaya alimtazama Mama. Mama alimtazama yeye. Nafikiri jambo hilo lilikuwa kati yao siku nyingi, nami nililitaja tu kwa sauti: hakuna aliyejua kama Koko yu hai, na kila mtu aliishi kama anajua.

"Nitaenda kuona," Yaya akasema.

Mama hakupiga kelele. Kijana wa umri wake njiani, kila kizuizi, kila bariere, kilikuwa na watu waliomtaka, upande huu au ule. Mama alijua, na Yaya alijua. Mama alikikunja kile kitenge, akampa. Kapiteni akampandisha juu ya mifuko ya mawe hadi Goma, ili kutoka huko apande kwa njia ya Sake. Nilisimama mtaroni na akina mama. Ndege ilikimbia lami yote ikiguna, na miti ya mwisho ikawa mbele yake, nami nikanyanyuka juu ya vidole vya miguu kuisaidia, kama tulivyozoea dukani.

Baada ya hapo, filimbi ilipolia nilikimbia. Mlango wa waya ulifunguliwa, sabuni ikashuka, bia ikashuka. Kapiteni aliponiona alitikisa kichwa, na hakusema tena habari za mbuzi. Mama aliacha kuja barabarani. Alikaa nyumbani, akifanya kazi ambazo zilikuwa zimekwisha kufanywa. Mashine dukani ilifunikwa kwa gunia. Wakati mwingine Papa Kambale aliniacha nikae kwenye bidoni langu, mbele ya gunia lile, na hakunitania.

Alirudi siku ya mvua. Nilimtambua kwa kamba begani kabla sijautambua uso wake. Alikuwa mwembamba, bila viatu.

"Viatu vimebakia kwa bariere," alimwambia Mama, aliyekuwa akimpapasa mabega, mikono, mbavu, kama anayetafuta kilichopungua. "Na mimi kidogo nibakie."

"Iko?" Mama akauliza.

"Iko. Koko iko."

Mama alikaa chini palepale matopeni.

Nyumba kubwa ilikuwa imechomwa, Yaya alisema, lakini jiko lilibaki, na Koko alikuwa akilala humo pamoja na Bihogo na ndama wake. Majirani watatu wanne walikuwa wamerudi. Koko alikataa tena kuja. Kile kitenge alikikata nusu, nusu akajifunga kichwani, nusu akairudisha kwa Mama. Yaya alikuwa amembebea kamba yake, akampa kwa mikono miwili na kuomba msamaha. Koko alicheka. "Bihogo amezoea kusimama bila kamba. Rudi nayo."

Kamba ilikuwa na mafundo mapya. Alikuwa amelipima jiko. Alipima ua, umbali wa mikaratusi kutoka mlangoni, urefu wa Bihogo, na, kwa ruhusa yake, urefu wa Koko akiwa ameketi.

Aliyaweka yote. Jumapili moja tulipaa tena, Mama, Papa Kambale na mimi kwenye bidoni, na milima mitatu iliposimama mahali pake Yaya akainamisha ndege upande wangu. Hapo, juu ya majani, palikuwa na jiko moja la mabati machache, miti kadhaa, ng'ombe mwekundu na ndama. Mlangoni palikuwa na mtu ameketi. Uso wake haukuwa uso, ulikuwa vipande vya rangi, lakini kitambaa kichwani kilikuwa cha kitenge kile.

"Kilemba yake inaanguka kwa jicho," Mama akasema, akicheka na kulia. "Siku zote niko namuambia aifunge muzuri."

"Njo vile nilimukuta," Yaya akasema.

Nilikula siku hiyo hadi nikaumwa tumbo.

Tulikwenda kwetu kila Jumapili. Sikumbuki furaha nyingine ya Walikale. Watu wa Masisi walisikia, wakaja kuombea nyumba zao, na Yaya alimwuliza kila mmoja kwa upole, "Ni nani ameiona, na lini?" Wengi waliondoka bila nyumba. Baadhi walimkasirikia. Mimi pia nilidhani ni ukali. Sasa nadhani alikuwa amejifunza kwangu kwamba mtu huamini anachokiona katika mashine yake.

Kisha mwanamke mmoja wa Muheto, aliyekimbia baadaye kuliko sisi, alipita Walikale akatafuta nyumba yetu, akatupa habari. Koko alikuwa ameugua wakati wa mvua, akafa, majirani wakamzika nyuma ya jiko. Kuhusu Bihogo, mwanamke huyo hakujua alikoishia.

Jumapili ile duka lilikuwa kimya. Mama hakuja. Yaya aliwasha mashine, nami nikakaa mahali pangu. Nilijua anachopaswa kufanya. Nilikuwa nimeifahamu kanuni yake kuliko mtu yeyote.

"Utamuondoa?"

Tulikimbia lami, tukayaruka majani, tukaenda mashariki. Milima mitatu ikasimama. Akainamisha. Koko alikuwa mlangoni, kilemba jichoni. Yaya alizunguka kilima hicho hadi jenereta ikaanza kukohoa.

"Ile siku nilimupima, alikuwa apo," akasema mwishowe. "Niko nasema ile siku. Ile siku haiwezi kuwa bongo."

Akamwacha.

Noeli ilikuwa inakaribia. Jumapili moja aliniambia, "Kaa wima kwa bidoni." Akaweka mwisho wa kamba pale nilipokalia, akaipandisha mgongoni mwangu, akafunga fundo. Kisha akapima upana wa mabega. Nilishangilia moyoni: gauni! Fundi wa Kaputula ataninunulia kitambaa. Sikujiuliza ni gauni gani linalopimwa hadi usawa wa macho.

"Ni ya nini, Yaya?"

"Utaona Noeli."

Kabla ya Noeli vita vilifika Walikale. Tulikimbia na tulichoweza kubeba. Yaya alichomoa diski kutoka kwenye mashine ya Papa Kambale, kwa ruhusa yake, akaifunga kwa kipande cha kitenge cha Mama. Kapiteni hatukumwona tena. Tulikulia Goma, Yaya akitengeneza simu za watu, akaoa, akapata watoto. Nilimuuliza mara moja kama ile ndege ipo bado. Akasema ipo, ataifungua siku akipata nafasi. Kuhusu gauni sikumuuliza kamwe. Lilikuwa jambo dogo, na tulikuwa tumepoteza makubwa.

Binti yangu anasoma mambo ya kompyuta. Alihangaika na ile diski, maana programu ni ya zamani, na Jumamosi iliyopita akaniita. Barabara ya lami ilikuwa kwenye kioo, na miti, na saa iliyosimama, na mama wa Kapiteni karibu na dira. Sauti ya injini ilitoka, ile iliyonaswa ndani ya bidoni. Nilimwelekeza binti yangu: mashariki, tafuta milima mitatu. Anarusha vizuri kuliko nilivyotegemea.

Tulipokuwa juu ya vilima alibonyeza kitufe kutafuta namna nyingine ya kutazama, na kioo kikabadilika. Tulikuwa upande wa kulia wa ndege, na tuko chini sana. Mbele yetu palikuwa na upande wa chini wa ubao wa rubani, na juu yake ukanda mwembamba wa mbingu.

"Mama, hii kiti imewekwa mubaya," binti yangu akasema. "Hata mutu muzima hawezi kuona kitu. Nipandishe?"

Niliichukua kamba sandukuni. Nikatafuta lile fundo la kabla ya Noeli. Kutoka mwisho wa kamba hadi fundo ni kimo cha mtoto aliyeketi, kutoka kiti hadi macho.

"Usipandishe," nikasema. "Ile kiti iko yangu. Inamisha ndege upande wa kuume. Polepole."

Akainamisha. Bawa likashuka, mbingu ikaondoka, na kilima chetu kikapanda hadi kwenye dirisha langu, sawasawa na usawa wa macho niliyokuwa nayo wakati ule. Jiko lilikuwapo. Bihogo alikuwapo na ndama wake. Koko alikuwa mlangoni, kilemba kimemwangukia jichoni.

Nikageuka kushoto, alikokaa Yaya siku zote, ili nimwambie.